Shavu la Kushoto la Mithika

Jumapili ya meza ya Bwana, Mithika alirudi kitini shavu lake la kushoto limevimba, na bintiye Kiende, aliyekuja kutoka Runyenjes anakofundisha shule, akaona haya mpaka akainamisha kichwa. Walipotoka tu, alimvuta babake nyuma ya tangi la maji.

"Baba, hata kwa sakramenti? Si utoe hiyo miraa!"

Mithika alifungua mdomo, akauacha wazi. Hamkuwa na kitu ndani. Hapakuwa na jani wala mate ya kijani, na bado shavu lilikuwa pale pale, limejaa.

Ndivyo ugonjwa ulivyopata pa kujificha. Huko Kianjai, mkulima wa miraa asiye na donge shavuni ndiye anayeulizwa kama anaumwa. Mithika aliweka lake kushoto, asubuhi hadi jioni, tangu ujana wake, na uvimbe ulipoanza kukua mahali hapo hapo, nani angeuona? Marafiki zake, Mungu awasamehe, walimtania: "Leo umebeba shamba lote!" Naye akacheka nao. Jino la chini likalegea, akamwendea mng'oa meno wa sokoni. Pengo likakataa kufunga. Akasema ni miraa imemchoma, itapoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Mithika kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Kiende alimpeleka Embu, kwa daktari wa upasuaji wa taya, mama aliyeitwa Wawira. Huyo hakuwa na haraka. Alimpapasa shingo chini ya taya, taratibu, kisha akamwambia afumbe macho.

"Mzee, ukisikia nimekugusa kwa kidevu, niambie."

Mithika akangoja. Alipochoka kungoja alifumbua macho, akaona pamba imekwisha kutulia kidevuni pake. Kiende alikuwa ameutazama ukuta.

"Jino limelegea peke yake, pengo halijapona, na sasa kidevu kimekufa ganzi," Wawira alisema. "Mtu akija na hizo zote, mimi simrudishi nyumbani na dawa ya kusukutua." Akakata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara.

Majibu yalikuwa saratani. Wawira aliwakalisha wote wawili, akaeleza bila kuzungukazunguka. Nusu ya taya ingetoka, pamoja na tezi za shingo na sehemu ya mdomo wa chini. Angechukua mfupa wa mguu ajenge taya nyingine.

"Utaongea, lakini si kama sasa. Na midomo haitafunga vizuri, mate yatakuwa yakitoka. Sitaki kukudanganya."

"Na nikingoja mpaka Agosti?" Mithika aliuliza.

Agosti Kiende alikuwa aolewe na Njuki wa Karurumo. Katika ukoo wao, binti hatoki nyumbani kabla babake hajachukua asali kinywani, akamrushia matone kifuani kwa midomo yake mwenyewe, kisha akamtamkia maneno. Kanisa lilikuja, likaikuta desturi hiyo na likaiacha. Mithika alimzaa msichana mmoja tu. Kumbariki ndiyo kazi ya ubaba iliyokuwa imembakia.

"Ukingoja Agosti, Baba Kiende, itakuwa imeshika shingo mahali kisu changu hakifiki."

Jioni ya kuamkia upasuaji, Mithika alitoa kichupa cha asali chini ya mto wa kitanda cha hospitali.

"Piga magoti nikubariki sasa, nikiwa bado na mdomo."

Kiende alirudi nyuma. Baraka hiyo ikitolewa kabla ya siku yake, ni ya mtu anayejiandaa kufa. Kila mtoto wa kwao anajua.

"Hapana, Baba. Hiyo ni ya kuagana. Utanibariki Agosti, tukiwa nyumbani, watu wakiona."

Angeweza kumlazimisha, baba ni baba. Lakini mtoto alikuwa analia, na yeye mwenyewe alitamani sana kumwamini. Akakirudisha kichupa chini ya mto.

Upasuaji ulifaulu. Wawira alisema hivyo kila alipopita, na ni kweli, shingo ilikuwa safi. Mithika alishukuru, kisha akachukia kule kushukuru. Nyumbani alijifunza kunywa uji upya, na kila siku alikwenda nyuma ya jiko na kikombe cha maji, akavuta funda, akajaribu kulirusha. Siku nyingine tone moja au mawili yaliruka. Alirudi ndani kifua kimelowa, akiwa na tumaini kama mjinga.

Agosti ikafika. Wageni wa Karurumo walikaa chini ya hema, Kiende akapiga magoti kwenye mkeka. Mithika akachukua asali kinywani kutoka kikombeni, akakaza midomo kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Asali ikamtoka pembeni, ikashuka kidevuni hadi kwenye shati jeupe. Akachukua tena. Ikashuka tena. Wageni wakaanza kutazama viatu vyao.

Mdogo wake, Kirimi, alisimama. Hakuwa na ubaya. Alimshika bega, akamwondolea kikombe mkononi polepole, kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu. Kisha akarusha matone safi, yakatua kifuani kwa Kiende, na kwa sauti nene akamtamkia watoto, mifugo na amani. Maneno yote yalikuwa mazuri. Mithika alikuwa ameyapanga mengine.

Kiende aliinua macho kumtafuta babake, lakini Kirimi alikuwa amesimama katikati yao.

"Baraka hiyo ikae!" Kirimi akapaza sauti.

"Amina!" wakaitikia wageni, na Mithika naye akaitikia pamoja nao. Midomo yake haikukutana, neno likatoka nusu.