Gango Lililokumbuka Mkono Mwingine

Mwezi wa tano mama yangu, Josephina, alimwagikiwa uji wa moto kwenye kiganja cha kushoto. Daktari alisema kovu likiachwa lipone linavyotaka litavuta vidole, mkono ujikunje na usifunguke tena. Dawa yake ni gango la kuunyoosha, avae wiki sita usiku na mchana. Mama analima karoti na kukatia ng'ombe majani. Kwa mkono mmoja, vyote viwili vingeishia hapo.

Bahati nilikuwa napika chai kwenye ofisi ya mradi mmoja pale Lushoto, na mradi wenyewe ulikuwa na printa ya kuchapa magango. Haichapi karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Tena plastiki hiyo ina akili, ndivyo alivyotueleza Davis, fundi aliyetoka Dar. Inatoka bapa kama soli ya kandambili, ukiitia kwenye maji ya moto inajikunja yenyewe kufuata mkono wa mgonjwa.

"Inakumbuka umbo lake," alisema. "Haisahau."

Siku ya kupimwa mama alikuja na kitenge cha kanisani. Mimi nilikuwa nje nachochea jiko. Davis alimwamkia shikamoo, akamwomba mkono, akauzungushia simu kuupiga picha. Niliporudi na chai nilimsikia akisema, "Mama, mbona umepona vizuri hivi?" na mama akijibu, "Asante, mwanangu."

Jioni nikamuuliza alitoa mkono upi.

"Wa kulia."

"Mama, si umeungua wa kushoto?"

"Sasa Loyce, mgeni ananiamkia, nimpe kushoto? Nimelelewa wapi mimi?"

Asubuhi nikamweleza Davis. Akanionyesha kompyuta, mkono wa mama unazunguka humo, wa buluu. "Dada Loyce, vipimo vyote viko hapa hadi nusu milimita. Mashine haikosei." Na kweli haikukosea. Ilichapa mkono wa kulia, hadi nusu milimita.

Wageni wa mradi wakaja kushuhudia. Davis akaitia plastiki kwenye beseni la maji ya moto, ikajikunja taratibu kama kitu kinachoamka. Wakapiga makofi. Akamvalisha mama, nafasi ya kidole gumba ikaangukia kidole cha mwisho.

"Mama, hebu geuza mkono," akanong'ona.

"Nimegeuza, baba."

"Geuza tena."

"Nikigeuza tena utavunjika, tuanze upya."

Wageni walipoondoka Davis akakiri. Lakini uzi ulikuwa umekwisha, na mwingine ungetoka nje ya nchi baada ya miezi miwili. Kidole cha mwisho cha mama kilikuwa kimeshaanza kuinama.

Nililiomba lile gango. Pale kwenye beseni nilikuwa nimeona kwamba kabla ya kupoa lilikuwa laini kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Nikalitia kwenye maji ya chai, nikamzungushia mama kitambaa mkononi, nikalilazimisha gango likae kushoto, nikalishikilia hivyo chini ya bomba. Maji ya Lushoto mwezi wa saba hayahitaji barafu. Likakakamaa.

"Halitadumu," Davis alisema. "Likipata joto tu, linarudi kulia."

"Basi lisipate joto."

Ndivyo mama alivyokatazwa jiko, majira ambayo huku kwetu hata paka hatoki jikoni. Siku ya pili akasahau, akafunua sufuria ya maharage. Mvuke ulipolipiga, gango likaanza kujipinda kulia huku tunalitazama. Nikalilainisha upya. Usiku huo tukaelewana kwamba atapika baba.

Baba yangu, Abrahamu, ni mzee wa kanisa. "Mimi?" aliuliza.

"Plastiki imekataa moto," mama akamjibu.

Ugali wa siku ya kwanza hata kuku waliufikiria kwanza. Jirani yetu Klara alikuja kuomba chumvi mara tatu, na mara zote alichungulia jikoni.

"Baba Loyce, za humo?"

"Nzuri. Chumvi iko mezani, Klara, na mlango uko nyuma yako."

Wiki ya nne kande zake zikawa zinalika. Wiki ya tano alikuwa anawasha moto bila kuambiwa, na mama analetewa chai kitandani.

Davis naye aliandika ripoti, akanisomea. Ilisema gango limeonyesha uwezo wa kujirekebisha lenyewe kulingana na mahitaji ya mgonjwa. Nikamwongezea chai.

Wiki ya sita ilipotimia daktari akalivua. Akamwambia mama akunje, anyooshe, akunje tena. Vidole vyote vitano vikatii, hata kile cha mwisho.

"Umepona, mama. Rudi kwenye kazi zako zote, shamba na jiko."

Mama akakitazama kiganja chake kwa muda. Kisha akamtazama baba, aliyesimama mlangoni na kikapu cha viazi, akihesabu vya kumenya jioni.

"Daktari," akasema polepole, "kwa usalama tu, hatuwezi kuongeza wiki mbili?"