Gango Lililofukizwa Udi

Idi kubwa ya mwaka wa tisini na sita ilikuwa kesho, na Abrar alikuwa ameshashuka ngazi mara tatu asubuhi hiyo akiwa amebeba mchele.

Kilo saba za mchele, zimeviringishwa kwenye leso kama mtoto na kulazwa kwenye bega la kushoto. Ngazi za nyumba yao, nyuma ya Ndia Kuu, ni za mbao, vidato kumi na tisa, zimesimama wima hasa. Tangu ajifungue, miezi saba nyuma, hajawahi kuzishuka na mwanawe. Uchungu ulimkaa siku mbili. Mtoto akatoka salama, lakini mshipa wa mguu wa kulia ulikuwa umebanwa, na wayo ukabaki kuning'inia, vidole vikikwaa kila mahali. Aidarus akawa mtoto wa mikono ya wengine: bibi yake amshusha, baba yake ampandisha, mamake yuko nyuma anashikilia ukuta.

Kisha Kahindi, fundi wa karakana ya viungo bandia karibu na Buxton, akamtengenezea gango. Plastiki nyeupe, nyembamba, inalala chini ya wayo, inapanda nyuma ya kisigino mpaka karibu na goti, inafungwa kwa mkanda. Ukilitia ndani ya kiatu, wayo hauanguki tena. Abrar alilitunza kama dhahabu ya harusi. Kwanza soksi ndefu ya pamba, aivute isibaki na kunyanzi hata moja. Jioni alivue, aitazame ngozi, alioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, alianike kivulini. Na kwa kuwa hapana apandaye ghorofani na viatu vya njiani, na gango bila kiatu huteleza, alinunua raba za ndani tu, ambazo hazijakanyaga njia hata siku moja.

"Kesho namshusha mwenyewe," alimwambia mumewe, Sami. "Namshusha, na nampeleka mpaka ufuoni, Mama Ngina."

"Na huyu wa mchele je? Ataona wivu."

"Huyu twampika biriani."

Akaenda kuoga akicheka. Alipotoka, gango halikuwapo dirishani alikoliacha. Harufu ya udi ilikuwa imejaa nyumba nzima. Akaifuata, ameshika ukuta, mpaka sebuleni, ambako mkwewe, Bi Badria, alikuwa akifukiza nguo za Idi juu ya chetezo: kanzu ya Sami, kanzu ndogo ya Aidarus, buibui la Abrar. Na gango, limeegemezwa juu ya makaa kabisa.

"Nimekufukizia na hili, mwanangu," Bi Badria alisema, uso umemng'aa. "Kesho latoka na wewe mbele za watu. Lende likinuka soksi?"

Abrar akaliinua. Ncha ya wayo ilikuwa imejikunja kama papadi.

Bi Badria akajishika mdomo. "Yarabi! Mimi nikidhani ni gumu kama sahani!"

Abrar aliitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Jumamosi karakana hufungwa saa saba, isifunguliwe tena mpaka Jumatatu.

"Vaa buibui, Mama. Twende kwa Kahindi."

"Hulii?"

"Ntalia tukichelewa."

Wakamwachia Sami mtoto. Wakatoka, Abrar ameegemea bega la mkwewe, mguu ukiburura, Bi Badria akiwapigia kelele watu wapishe njia kana kwamba nyuma yake kuna gari la zimamoto, mpaka wakapata teksi.

Kahindi alikuwa ameshavua aproni. Akalipokea gango, akaligeuza, akalinusa.

"Mama Aidarus, haya magango huletwa hapa yakinuka jasho, yakinuka samaki. Hili ndilo la kwanza kunijia kama bibi harusi."

"Ni mimi, baba," Bi Badria akasema. "Nikamate, nifunge."

"Sikufungi, Mama. Lakini Jumatatu nataka sahani ya biriani." Akalipima kwa vidole. "Halina ufa. Tuna bahati."

Akalipasha moto taratibu mpaka plastiki ikalainika, akalilaza juu ya mfano wa plasta wa mguu wa Abrar, ambao alikuwa bado anao rafuni, akalikandamiza. Karakana nzima ikanuka udi. Lilipopoa, Abrar akalivaa, akenda mpaka ukutani, akarudi. Wayo ulisimama.

"Bado," Kahindi akasema. "Leo livae saa moja tu. Ukilivua, tazama ngozi. Wekundu usipoondoka kwa nusu saa, kesho husogei, mpaka nilirekebishe."

Alasiri, ile saa moja ya kulivaa ilipotimia, Abrar akalivua. Kulikuwa na alama nyekundu chini ya kifundo, pana kama sarafu ya thumni. Bi Badria akaichukua saa ya Sami, akaishika mbele ya macho, asimwache mtu kusema neno. Dakika tano. Kumi. Sami akajaribu kukohoa, akakatazwa. Dakika ya kumi na nane Abrar akaugeuza mguu kwenye mwanga wa dirisha, akatazama, akatazama tena.

"Imekwenda!"

Bi Badria akapiga vigelegele, mpaka jirani wa ng'ambo akachungulia kuuliza ni nani aliyeposwa.

Asubuhi ya Idi Abrar alisimama juu ya ngazi, raba zimefungwa, Aidarus begani amevaa kanzu yake. Mtoto alikuwa mzito kuliko mchele, na mchele haukuwahi kumvuta sikio. Bi Badria alishuka mbele kinyumenyume, mikono ameitandaza.

"Mama, usinitazame miguu, ntacheka."

"Shuka wewe!"

Kidato kimoja. Cha pili. Wayo wa kulia ukatua mzima, kisigino kwanza, kila hatua ikipandisha harufu ya udi kidogo. Aidarus akapiga kelele ya furaha kwenye shingo yake. Cha kumi na nane. Cha kumi na tisa. Sakafu.

Bi Badria akanyoosha mikono, machozi yakimtiririka. "Haya, nipe nikushikie, upumzike."

"Simtoi," Abrar akasema, akapita.