Kelele ya Leseni

Baba yangu, Mzee Chandulal, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na katika kona moja ya duka hilo nilikuwa na kompyuta yangu. Kona hiyo ndiyo iliyokuwa ugomvi wetu mwaka mzima wa 1997.

"Riddhi, mteja mmoja tu akija kulalamika," aliniambia, "hiyo mashine inatoka, mabati yanaingia."

Mimi nilitunga programu ya hesabu za duka na kuwauzia wenye maduka kwa leseni ya mwaka. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na ukurasa niliouita dashibodi, kama ya gari: aliyelipa jina lake kijani, ambaye hajalipa jekundu. Mwaka huo nikaiboresha programu yenyewe kwa mbwembwe zote. Nikaongeza kelele. Leseni ikiisha, kompyuta ya mteja ingelia bip, bip, bip, mpaka mtu abonyeze kitufe. Kitufe kimoja tu! Nilijiona bingwa.

Wa kwanza kuwekewa toleo hilo jipya alikuwa Nyakerario, muuza mbolea na mbegu katika mji mdogo wa Magwagwa. Leseni yake iliisha Ijumaa jioni. Msabato kindakindaki, alikuwa ameshafunga duka mbiombio kabla jua halijazama, kompyuta akaiacha ikiwaka. Siku ya Sabato hagusi kitu cha biashara, hata kitufe. Nami, mzaliwa wa Kisii palipojaa Wasabato, nilisahau jambo hilo. Mjinga mimi!

Duka lake limeshikana ukuta na kanisa lao. Kompyuta ililia kwenye mafundisho, ikalia kwenye mahubiri, ikalia kwenye sala ya kimya. Kwaya ilipoona haitaishinda, ikaimba kwa kufuata mapigo yake.

Jumapili asubuhi nikamwona Nyakerario mlangoni petu, pamoja na Persis, mweka hazina wa kanisa. Baba alikuwa ameshaishika meza yangu, tayari kuisukuma nje.

"Mzee," Persis akamwuliza, "ile kelele ya jana ni ya huyu msichana?"

"Ni yake. Leo inatoka."

"Itoke iende wapi? Sisi tunaitaka hiyo kitu! Watu waliahidi michango kwa harambee ya paa la kanisa, wakanyamaza kabisa. Jana kila mtu alidhani inamlilia yeye. Mmoja wao, Machogu, amelipa leo hata kabla ya chai."

Nikaketi haraka kabla Persis hajabadili mawazo. Akanitajia majina, nikayaingiza kwenye dashibodi, nayo nikaitia kelele ile ile.

"Mwingine?"

"Andika Chandulal. Aliahidi mabati mbele ya watu wote, na tukampigia makofi."

Jina likatokea jekundu. Bip, bip, bip. Wateja wote dukani wakageuza shingo. Baba akayatazama mabati yake, kisha akanitazama mimi.

"Bonyeza kitufe, Riddhi."

"Hakuna kitufe, Baba. Nimekitoa sasa hivi. Hili ni toleo jipya zaidi."

Kufikia saa sita mabati yote yalikuwa kwenye pikapu, yakielekea Magwagwa, na kona ikabaki yangu.