Kabla na Baada

Miezi kumi na minne nimenyanyua vyuma kwenye ile jimu, kila siku kabla ya kazi, na mwili wangu umebaki mwembamba kama ufito. Mdogo wangu kajiunga juzijuzi tu. Anakuja amechelewa, ananyanyua mara tano, kisha anakaa kuchezea simu. Wiki ya sita, mashati ya marehemu baba yakamkaa sawasawa mabegani. Namwonea kijicho, sifichi. Sura tumefanana, lakini umbo la baba kachukua yeye, mimi nikaachiwa la mama.

Mwalimu wa mazoezi hataki kusikia habari hizo. "Usimsingizie mama yako," hunikaripia mbele za watu. "Mwili ni bidii tu. Wewe ni mvivu."

Leo nimekuta bango jipya ukutani. Kushoto ni mimi, kifua wazi, juu yangu pameandikwa KABLA. Kulia ni mdogo wangu, BAADA. Na chini: "Mtu yuleyule, wiki sita tu." Picha yangu mwalimu alinipiga wiki iliyopita, akisema ni ya kumbukumbu.

"Libandue," nikamwambia.

"Usinipigie kelele. Sura ni ileile, nani atajua?"

"Si ulisema ni bidii tu? Yangu imekwenda wapi?"

Akanipa mgongo. Mlango ukafunguka, akaingia mteja mpya. Akalisoma bango, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Kwani mazoezi uliacha lini?"