Mfano wa Kweli

Jumanne asubuhi walimvunja Bu Lasmi mkono kwa bomba la chuma, kwa ajili ya kipima moshi chetu kilichokuwa juu ya paa lake. Walikuwa wanaume watatu. Mmoja alishika simu, akamsomea mama wa watu kwa sauti: "Lango la buluu, nyuma ya msikiti mdogo, mwenye nyumba Bu Lasmi, muuza mboga za pecel." Kisha akauliza, "Ndiwe?" Akajibu kuwa ndiye. Ndipo wakaanza.

Maneno aliyosomewa yalitoka katika mwongozo wetu wa mtandaoni.

Sisi ni watu wa kujitolea. Tunaandika maelezo ya programu huria ya kupima moshi, ambayo yeyote anaweza kuichukua bure, kuirekebisha na kurudisha alichokirekebisha. Kusini mwa mji wetu matanuri ya chokaa huchoma taka za plastiki badala ya kuni, na watoto wa upande huo wanatema makohozi meusi. Mimi nilijiunga nikiwa bado chuoni, kwa kuwa kuandika hakunilazimishi kuongea. Pak Trenggono (kwetu Pak ni Baba, Bu ni Mama) alijiunga mwaka huu, baada ya kustaafu kutoka chumba cha kompyuta cha benki, alikofanya kazi tangu enzi za mashine kubwa kama kabati. Tulimpa ukurasa wa kufunga kipima. Aliuandika vizuri kutushinda sote, ila mwishoni, pale ambapo wengine tungeweka mtu fulani wa mtaa fulani, yeye aliweka nyumba ya Bu Lasmi.

"Pak, huo ni mfano tu," nilimwambia. "Weka jina la kubuni."

"Wening, mwanangu, mfano wa uongo hufundisha uongo. Kule benki ukiandika namba ya kubuni, kuna mjinga ataitumia."

"Wenye matanuri wakisoma je?"

"Wale? Wale wanasoma bei ya plastiki tu!"

Wenzetu wakacheka, na ukurasa ukapita.

Hospitalini jicho moja la Bu Lasmi lilikuwa halionekani kwa uvimbe. Pak Trenggono alisimama miguuni pa kitanda, ameivua kofia yake ya peci na kuikunja viganjani.

"Uliandika hadi rangi ya lango, Pak," Bu Lasmi alisema. "Chumvi ya pecel yangu uliisahauje?"

Hakuna aliyecheka.

"Ijumaa watarudi. Wakikikuta juu, wanachoma nyumba, na mama mkwe wangu yumo ndani, hatembei. Wasipokikuta, watasema nimekificha. Huo ukurasa wenu wanaufungua kila siku. Wanakitaka hicho kidude, na wanamtaka mwenye nacho."

Polisi waliandika maelezo, wakasema watapita.

Kufuta ukurasa kusingesaidia. Kwetu hakifutwi kitu kikaisha. Matoleo ya zamani hubaki wazi, na wale watu walishaijua nyumba. Alhamisi Pak Trenggono alipanda mwenyewe kwenye paa la Bu Lasmi, akakishusha kipima, akakifunga kwake. Kisha akaubadilisha mfano: lango la kijani, karibu na kituo cha treni, mwenye nyumba Trenggono, kipima kimehamia hapa, na aliyekuwa nacho mwanzo hana tena.

Lakini kwetu hakuna anayejipitishia maandishi yake. Lazima jicho la pili lisome na kukubali. Akanipigia.

"Pitisha, mwanangu."

"Watakuua, Pak."

"Nikibaki na ule wa zamani, watamuua nani?"

"Weka jina la kubuni."

"Waende, wakute kiwanja kitupu, halafu warudi kwa nani?"

Niliufungua ukurasa wake kwenye kompyuta.

"Nitapitisha nikiwa kwako," nikasema.

"Wewe? Wewe ambaye hata chakula unaogopa kuagiza kwa simu?"

"Nakuja."

Ijumaa nilimkuta jikoni akichemsha soto, supu ya kuku, kama mtu anayengoja wageni. Niliusoma ukurasa mara ya mwisho kwenye meza yake ya sebuleni, nikaupitisha. Akanisukuma nyuma ya pazia la jikoni. "Ukae humo. Usitoke hata nikilia."

Wale watatu walikuja baada ya swala ya Ijumaa. Lango lilifunguka kwa teke. Mwenye simu aliingia mbele, nywele ndefu zimefungwa kwa mpira, wenzake wawili nyuma yake.

"Trenggono?"

"Ndimi. Soma mpaka mwisho, umeruka mstari."

"Unanifundisha kusoma, mzee?"

"Nakusaidia tu. Soma kuhusu yule wa kwanza."

Kijana aliangalia simu. Nilimwona kwa upenyo wa pazia, midomo ikicheza. "Aliyekuwa nacho mwanzo hana tena," alisoma.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mama yule tumemalizana." Akaiweka simu mfukoni, taratibu. "Sasa wewe."

Pigo la kwanza lilimwangusha. Mmoja akamvuta mikono, akaibana juu ya meza, na yule wa nywele ndefu akaishukia kwa bomba mikono iliyoandika ule ukurasa. Nilisikia vidole vikivunjika kama kuni kavu. Hakulia. Alihesabu kwa Kijava, lugha yetu, moja, mbili, na katika tatu sauti ikamkatika, wakacheka. "Endelea, mwalimu!"

Sikufikiri. Nilishika masufuria mangapi maishani mwangu bila kujua uzito wake? Ile soto niliinyanyua ikitokota, nikatoka nayo, nikaimwaga yote.

Ilimpata yule wa nywele ndefu shingoni na shavuni. Kilio chake sijawahi kukisikia kwa mnyama wala mtu. Jirani akaanza kupiga kentongan, lile gogo la mti la kuitia watu, nyumba ya pili ikaupokea mlio, ya tatu ikaupokea. Wenzake walimruka wakakimbia. Yeye alibaki akijigaragaza juu ya mchuzi na mifupa ya kuku.

Mtaa ukaingia na marungu. Teke la kwanza lilimpasua yule kijana nyusi.

"Toka hapo, dada, tummalize huyu mbwa!"

"Leteni petroli!"

Nililala juu yake. Teke lililokuwa lake likaniingia mbavuni, nikahisi kitu kikitoka mahali pake.

"Nimeshamchoma mimi!" nilipiga kelele, nami sijawahi kupiga kelele. "Nimeshamchoma! Mnataka nini tena?"

"Mwacheni," Pak Trenggono alisema akiwa sakafuni, mikono yake kifuani kama vitu vya mtu mwingine. "Nyumba ni yangu. Mwacheni."

Wakarudi nyuma, wakinung'unika, mmoja baada ya mwingine. Mtu aliniletea ndoo ya maji na kata, nikaanza kummwagia kijana. Akanishika kifundo cha mkono, amefumba macho.

"Hatutarudi kwa yule mama," alisema. "Nimesoma, dada. Nimesoma."

"Nyamaza."

Nikaendelea kummwagia maji shingoni, kata baada ya kata, na ngozi yake ikawa inatoka pamoja na maji.