Plastiki Iliyotoka kwa Bakteria

Ngamia wa mzee Dabasso alipokufa kule Garbatulla, walimpasua wakakuta bonge la mifuko ya nailoni tumboni, gumu kama jiwe. Binti yake Kabale, aliyesomea kemia, alilitoa kwa mikono yake. Aliporudi Isiolo mjini alikodi chumba nyuma ya karakana ya Ekidor, fundi wa kuchomelea vyuma, akaanza kufuga bakteria.

Aliwalisha maziwa ya ngamia yaliyoharibika. Bakteria hao wakishiba huweka akiba ya plastiki mwilini, kama ngamia anavyoweka mafuta kwenye nundu, na plastiki hiyo ikitupwa huoza. Shida ilikuwa kuitoa. Ilibidi avunje kuta za miili yao bila kuharibu kilichomo.

Kwanza alitumia klorofomu. Plastiki ilitoka safi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Lakini mvuke ulimlevya Ekidor, aliyekuwa akimsaidia kukoroga, akatapika siku nzima. Kabale akaifungia chupa kabatini, akajaribu dawa ya kutoa madoa ya nguo. Hiyo ilivunja kuta, ikaila na plastiki yenyewe. Kila alichokausha kilikatika kikikunjwa. Alipunguza dawa, akabadilisha joto, akaanza upya. Miezi ikapita hivyo.

"Turudie ile ya kwanza," Ekidor alimwambia. "Mimi nitafunga kitambaa puani."

"Kitambaa hakisaidii. Ile kitu inaua ini."

"Na mbuzi zangu zinakufa na nailoni tumboni. Hiyo je, dada?"



Kabale alipoenda Garbatulla kumwona baba yake, Ekidor alivunja kufuli la kabati, akaitoa ile chupa ya klorofomu. Alifunga mlango na dirisha ili majirani wasisikie harufu. Kabale aliporudi alimkuta kalala sakafuni, jiko la umeme bado linawaka. Alimburuta nje huku akipiga mayowe.

Hospitalini Ekidor alizinduka. Baada ya siku chache macho yake yakageuka manjano, na daktari akasema ini limeharibika vibaya.

"Ilitoka?" Ekidor alimuuliza Kabale.

"Ilitoka. Nzuri sana."

Erot, mkewe, akaomba kuiona. Kabale aliitoa mkobani. Erot akaikunja, akaivuta kwa nguvu zake zote, haikuraruka. Akamrudishia.

"Sasa utamtafuta nani akutengenezee ingine?"

Kabale aliirudisha mkobani.

Ekidor alizikwa kabla ya mvua kunyesha. Kabale aliwaua bakteria wote kwa maji ya moto, akawamwaga, akarudisha ufunguo wa chumba. Siku hizi anafundisha kemia katika shule moja ya sekondari. Wakifika kwenye mada ya plastiki, huwaambia wanafunzi wasome wenyewe, kisha hutoka nje akasimama uani mpaka kengele ilie.