Mgeni wa Mgongoni

Mwinshehe, fundi cherehani wa Ujiji, alikuwa mlafi, na hilo halikuwa siri. Tangu ujana wake mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye kila sinia lililopita mbele yake: visheti, kashata za karanga, kalimati, muhogo uliokaangwa kwa mawese mpaka ukaiva rangi. Ungemkuta ameshika shati la mtu chini ya sindano na shavu moja limevimba. Wateja walimtania kwamba nguo zake zinanukia iliki, naye akacheka na kuendelea kutafuna.

Kisha sukari ikamshika. Na katika ukoo wao sukari haikuwa ugonjwa wa kusimuliwa. Baba yake ilimla kidole cha mguu, ikala unyayo, ikala mguu mpaka gotini, na mzee wa watu akazikwa kwa awamu. Mwinshehe aliyaona hayo kwa macho yake, ndiyo maana daktari alipomwambia atembee, alitembea. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alitoka Ujiji, akapita Rusimbi, akashuka Kigoma mjini, na siku nyingine akaunga mpaka mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, ndipo akageuza. Miguu ilikuwa inasafisha ulichochafua mdomo. Akirudi alikula kisheti chake kimoja kwa roho safi, na sukari ikatulia mahali pake.

Mwaka wa tisini na sita Warundi waliokimbia vita kwao walikuwa wakiingia kwa mitumbwi. Asubuhi moja Mwinshehe alifika Kibirizi akakuta mtumbwi umekwama karibu na ufukwe, umejaa watu, na mawimbi yanaupiga ubavuni. Watu wa mwaloni walikwisha kuingia majini kutoa watoto. Naye akakunja suruali, akaingia, akapewa bibi kizee. Alimgeuzia mgongo, bibi akamlalia, akamzungushia mikono shingoni, na Mwinshehe akafunga vidole vyake kwa nyuma kumshikilia. Alikuwa mwepesi mno. Mwinshehe alimwambia avumilie, wamefika, na bibi hakujibu. Hapo jiwe likateleza chini ya unyayo, kifundo kikalia, wote wawili wakaanguka. Waliomwinua bibi walimkuta amekufa, na hakuna aliyeweza kusema amekufa wakati gani, kama ni mtumbwini au mgongoni kwa fundi. Wenzake walisema hawakutia kitu kinywani tangu watoke kwao. Jina lake hawakulijua, maana alipandia njiani akiwa peke yake. Wakamzika karibu na ziwa, na Mwinshehe akapelekwa kufungwa plasta.

Haya sasa. Mtu aliyezoea kutembea ukimkalisha, mdomo ndio unaotembea. Mwinshehe aliwekwa kwenye kiti cha kamba barazani, mguu juu ya kigoda, na daktari akamwonya waziwazi: mfupa umevunjika vibaya na juu yake kuna kidonda, kwa hiyo sukari ikipanda kidonda hakitafunga, na kisipofunga ni msumeno. Akaambiwa asile ovyo na asitembee. Hebu niambie, hayo mawili utayaweka vipi katika mtu mmoja?

Na Ujiji nayo, wallahi, Ujiji haimwachi mgonjwa apone kwa amani. Kwenda kumjulia mtu hali mikono mitupu ni aibu, basi kila aliyepiga hodi alikuja na bakuli limefunikwa kitambaa. Ukikataa umemtukana mpishi. Mwinshehe alipokea, akashukuru, akamwita mkewe Yusra aingize ndani haraka kabla pua haijafanya kazi yake. Yusra alifungia kila kitu kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Mwinshehe alipigana, tusimnyime haki yake. Kila tamaa ilipopanda alikunywa maji kikombe kizima, akasubiri. Alikunywa chai ya tangawizi bila sukari. Alitafuna mswaki mpaka ukawa nyuzi. Saa za alasiri, ambazo ndizo mbaya kuliko zote, alinyanyua pasi ya mkaa juu na chini, mkono huu na huu, mpaka jasho likamtoka, halafu akajipa kazi ya kushona vifungo ili vidole visipate nafasi. Na ilifaa. Nesi Melania wa zahanati, Muha mmoja mkali asiyesifu mtu, alimpima, akachungulia kidonda kwenye tundu lililoachwa katika plasta, akasema sukari inakwenda vizuri na kidonda kinaanza kukauka. Mwinshehe alirudi nyumbani anajiona mwanamume.

Kisha ikaja Alhamisi. Katika nyumba hiyo, kama katika nyumba nyingi za Ujiji, Alhamisi jioni walichoma ubani na kutoa sadaka ya kuwarehemu wazee wao. Yusra aliandaa visheti na kalimati vya kugawia majirani, na kabla ya kugawa, mwenye nyumba aliwataja wafu wake mmoja mmoja. Mwinshehe alimtaja baba yake, mama yake, babu zake, wajomba. Alipofika mwisho huruma ikamshika. Alikumbuka wepesi wa yule bibi, akaongeza, "Na bibi yule niliyembeba. Naye aje ale."

Yusra aliweka sinia chini.

"Huyo si wetu," alisema. "Ana wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Sijui. Lakini wazee wetu wanajua njia ya kurudi. Yule atakwenda wapi akishakula?"

Mwinshehe alimwambia aache maneno ya kijinga, sadaka haimdhuru mtu. Na kweli sadaka haimdhuru mtu. Lakini hakuwa ameomba rehema tu. Alikuwa amemkaribisha mtu nyumbani kwake, na hata jina lake hakulijua.

Siku iliyofuata, alasiri, tamaa ilikuja. Mwinshehe aliifahamu tamaa yake kama anavyofahamu cherehani yake. Siku zote ilianzia ulimini. Hii ilianzia mgongoni, katikati ya mabega, ikapanda shingoni taratibu, ikaingia kinywani kwa nyuma. Alikunywa maji, akanyanyua pasi, ikawa kama anaisukuma mbele zaidi. Mwisho alimwita Yusra, akamwomba ufunguo huku machozi yanamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake. Yusra alikataa, akakataa tena, kisha akaogopa uso wake, akampa. Mwinshehe alikula vyote vilivyokuwemo. Alikula kashata, akala kalimati za jana, akatafuna dagaa wakavu kama karanga. Na ajabu ni kwamba hakuonja kitu. Alitafuna, akameza, na tumboni hakikufika. Aliposimamishwa akalale, Yusra aliona shati lake limelowa mgongoni. Akalinusa. Lilinuka maji ya ziwa.

Walikwenda kwa Melania wamejiinamia. Melania akapima, akapima tena, akauliza mgonjwa amekula nini jana. Mwinshehe alisema uongo. Melania akasema vyovyote iwavyo aendelee hivyohivyo, sukari iko chini kuliko siku zote.

Hapo ndipo ulafi ulipomtia upofu. Njia nzima alikuwa anacheka. Alimwambia Yusra kwamba ile ni baraka ya bibi, kwamba wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Amembeba bibi, na bibi sasa anambebea sukari! Tangu siku hiyo mabakuli ya majirani hayakufika kabatini tena. Aliyapokea barazani, akayamaliza palepale, na watu wakafurahi kuona mgonjwa ana hamu ya chakula. Pasi ya mkaa ikashika vumbi.

Lakini mwili wake ulianza kwisha. Mashavu yaliingia ndani, mbavu zikahesabika, pete ikamtoka kidoleni ikiwa imelegea. Alikula alasiri nzima na kulala na njaa. Shati lake halikukauka mgongoni hata juani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Yusra aliliona kwanza akanyamaza nalo: mumewe alikuwa haegemei kiti tena. Alikaa ameinama mbele kidogo, mikono yote miwili ameipeleka nyuma, vidole vimefungana, kama mtu aliyeshikilia kitu kisimdondoke. Akishtuliwa aliifungua. Baada ya muda mfupi ilirudi yenyewe.

Siku aliyotolewa plasta daktari aliugeuza mguu huku na huku. Mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtoto na mfupa haukuunga hata kidogo. Kidonda kilikuwa kimefunguka upya. Daktari aliuliza kwa ukali kama nyumbani kuna chakula, na Yusra akaona aibu ya kutaka ardhi immeze. Wakaambiwa warudi wiki ijayo, na wakirudi mguu ukiwa hivyohivyo, hakuna la kungoja, utakatwa.

Mwinshehe alilia kwenye teksi. Alimwona baba yake, aliuona mguu uliotangulia kuzikwa. Alimwambia Yusra kwa sauti ndogo kwamba bibi anamla, na kwamba hajui atamwambiaje aondoke. Tangu pete imtoke kidoleni, kila Alhamisi alikuwa amemsihi, akamwombea dua, akamwagia maji kizingitini. Bibi hakuwa na pa kwenda.

Siku mbili kabla ya kurudi hospitali, alasiri, mwanamke mmoja alipiga hodi. Alikuwa Mrundi, kijana bado, amevaa kitenge kilichofuliwa mpaka kikapauka. Aliwaamkia shikamoo kwa lafudhi ya kwao, akajitaja kuwa Révérienne, ametoka kambini upande wa Kasulu kwa ruhusa ya siku moja, na lori linamngoja mjini. Kambini alisikia habari za bibi aliyefia mgongoni kwa fundi wa Ujiji, bibi mwenye kidole gumba kilichopinda, akajua ni mama yake. Waliachana usiku waliokimbia. Kaburi ameshalizuru. Sasa amekuja kumshukuru aliyembeba. Mama yake aliitwa Ntirandekura.

Yusra alimkaribisha kwa machozi, akamletea sinia. Révérienne alisema ameshiba. Ungemwona ungejua hajashiba, mifupa ya shingo ilikuwa wazi, lakini alikuwa na adabu ya wageni wasio na kitu cha kurudisha. Akaeleza kwa kifupi habari za kambini, mahindi na maharage ya kugawiwa kwa kipimo, na mtoto mchanga aliyemwachia jirani, maziwa yamekuwa machache. Alikuwa anazungumza na Yusra, lakini macho yalikuwa kwa Mwinshehe. Alitazama namna alivyoinama. Alitazama mikono iliyofungana nyuma.

"Mzee," alisema, "bado umembeba."

Mwinshehe aliitikia kwa kichwa.

"Hukumshusha?"

"Nilianguka kabla sijamshusha."

Révérienne hakuogopa. Alifurahi, na hilo ndilo lililowatisha wenyeji wake. Alifungua kitenge cha pili alichojifunga kiunoni, akaja mbele ya kiti, akageuka, akachuchumaa na kuinamisha mgongo kama mama anayesubiri kuwekewa mtoto. Akasema, "Nipe. Mimi ndiye wake. Nitakwenda naye."

Yusra alimtazama mumewe, kisha akautazama mguu. Mwinshehe alijua anampa nini mwanamke huyu. Hakuna aliyejua zaidi yake. Aliijua njaa ile kwa kila alasiri iliyopita, njaa iliyomaliza mabakuli ya mtaa mzima isitosheke, naye Révérienne alikuwa anarudi mahali pa kugawiwa kwa kipimo, kwa mtoto anayenyonya. Alikuwa na nafasi ya kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha kidonda kikampwita chini ya bandeji, naye akaogopa, akaogopa kuliko alivyowahi kuona haya.

"Bi Ntirandekura," alisema, "binti yako amekuja kukuchukua."

Akainama mbele. Vidole vyake vikafunguka vyenyewe, kimoja kimoja. Révérienne alizungusha kitenge mgongoni, akakaza fundo kifuani, akasimama. Aliyumba kidogo, akaweka mkono ukutani, akatengeneza mzigo kwa kutikisa mabega. Mwinshehe alirudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa kiti, na kiti kilikuwa kikavu. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma alisikia tumbo lake mwenyewe limetulia. Sinia lilikuwa palepale mbele yake, visheti vinang'aa sukari, naye hakutaka hata kimoja. Alifurahi, na furaha hiyo akaionea haya.

Révérienne alikuwa mlangoni, ameshaaga. Akasimama. Akageuka na kulitazama sinia, akamtazama Yusra, uso umemshuka kwa aibu.

"Mama," alisema, "nilisema nimeshiba."

Yusra, ambaye hakuna kinachompendeza kama mgeni kula, alimkalisha upesi kwenye mkeka na kumsogezea. Mwanamke alianza kwa adabu, kwa vidole viwili. Baadaye akaacha adabu. Alikula bila kuinua kichwa, hakumeza kimoja kabla hajashika kingine, na kwenye kitenge cha mgongoni doa la maji lilianza kutanuka. Sinia lilipobaki tupu alilipangusa kwa kiganja, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kingine, hata cha jana.

Yusra akaliona doa. Akamgeukia mumewe, mkono mdomoni.

"Mwambie," alinong'ona. "Mwinshehe, mwambie kabla hajaondoka."

Mwinshehe aliukunja mguu wake mgonjwa, akauvuta karibu, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Mpe vyote vilivyomo kabatini," alisema. "Mfungie na vya njiani. Lori lake linamngoja."